Magari ya Jirani Zetu: Kutoka Mradi Hadi Bidhaa



Katika karakana yoyote ya jeshi au ya polisi, jambo la kwanza analolitazama fundi mkuu anapokabidhiwa gari la aina mpya ni kama vipuri vyake vimo bohari. Gari lisilo na vipuri, hata liwe zuri namna gani, huwa mzigo kwa kikosi. Huegeshwa nyuma ya karakana, likaanza kunyofolewa kiungo kimoja kimoja, na gari la doria lililotegemewa usiku ule halitoki. Mafundi wetu wanalijua jambo hilo pasipo kufundishwa. Ndilo hilo hilo lililowasumbua jirani zetu wa Kenya na Uganda, tangu walipoanza juhudi za kuunda magari yao wenyewe.

Kenya ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1986 Rais wa nchi hiyo wakati huo, Daniel arap Moi, alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Kazi ikafanyika, na mwaka 1990 magari yaliyopewa jina la Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Yaliundwa matano, na katika majaribio mwendo wake ulifikia kilomita 120 kwa saa. Kwa kipimo cha mradi, kazi ilikuwa imekwisha: gari liliagizwa, likaundwa, likatembea, watu wakapiga makofi. Lakini la sita halikutoka. Fedha za kuanzisha utengenezaji hazikupatikana, na shirika lililokusudiwa kuzalisha magari likageuzwa kuwa kiwanda cha kuchonga vyuma na vipuri, kiitwacho Numerical Machining Complex. Mwaka 2021 kiwanda hicho kiliwekwa chini ya Wizara ya Ulinzi ya Kenya.

Si haki kuwacheka wahandisi wale, kwani walitimiza walichoagizwa. Kasoro ilikuwa katika lile agizo. Mradi hutengewa fungu, hupewa siku ya kumalizika, na siku hiyo ikifika wataalamu hutawanyika, kila mmoja akiondoka na ujuzi wake kichwani. Bidhaa, kwa upande wake, huanza siku ile ya makofi. Gari moja la mfano huweza kutengenezwa kwa mikono ya fundi hodari. Mlango ukikataa kuingia, ataupiga tupa mpaka uingie. Gari la mia moja halitengenezwi hivyo. Mlango wake hauna budi kulingana na mlango wa gari la kwanza, uingie bila tupa, na ukivunjika huko porini mwingine upatikane na uingie vile vile. Magazini ya bunduki ya askari mmoja huingia katika bunduki ya mwenzake wa aina ile ile, na hakuna kamanda atakayekubali kupokea bunduki mia, kila moja na magazini yake ya pekee.

Aidha, kuna hesabu ya fedha. Kalibu ya kukandamizia bati la mlango ina gharama ile ile, ikitoa milango mitano au milango 5,000. Gharama hiyo ikigawanywa kwa magari matano, kila gari litakuwa na bei asiyoiweza mtu. Kwa hiyo anayetaka kuuza bidhaa hana budi kumjua mnunuzi kabla ya kuagiza kalibu. Swali la mnunuzi ni nani, katika mradi, mara nyingi haliulizwi kabisa, kwa sababu anayelipa ni serikali na anayetazama ni umma.

Uganda nayo ilianza kwa njia ya mradi. Wanafunzi na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Makerere waliunda gari dogo la umeme la watu wawili, Kiira EV, ambalo liliendeshwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu mwezi Novemba 2011. Mwaka 2014 likafuata gari la watu watano linalotumia umeme pamoja na petroli. Hata hapo, yote yalikuwa magari ya maonyesho.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua mbili. Ya kwanza ni kuundwa kwa kampuni, Kiira Motors, ambayo serikali ya Uganda inamiliki asilimia 96 ya hisa zake na Makerere asilimia 4. Wataalamu wakawa na mahali pa kubaki baada ya sherehe. Hatua ya pili, nayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi, ni kuliacha gari dogo na kushika basi. Gari dogo jipya lingeshindana na magari ya mtumba kutoka Japani, na vita hiyo haishindiki. Basi hununuliwa na kampuni chache zinazojulikana, hupita njia ile ile kila siku na kulala mahali pamoja, kwa hiyo mtambo wa kulichaji na fundi wa kulitengeneza huwekwa hapo hapo. Tena Uganda huagiza petroli kutoka nje kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, ilhali umeme inao wake, hasa baada ya bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600 kuzinduliwa mwaka 2024.

Basi la kwanza, Kayoola la mwaka 2016, lilikuwa na viti 35, betri zikisaidiwa na mwanga wa jua, na lilikwenda kilomita 80 tu. Lililofuata, Kayoola EVS, hubeba abiria 90 na kwenda kilomita 300 kwa kuchajiwa mara moja. Ujuzi wake ulipatikana kwa makubaliano na kampuni ya China. Wako waliosema kwamba basi la namna hiyo si la Uganda. Maneno hayo ni ya mtu anayefikiria maonyesho; abiria wa Kampala anataka basi linalofika.

Jeshi la Uganda lina sehemu yake humo. Kwa kuwa kiwanda cha Jinja kilikuwa bado hakijakamilika, mabasi ya kwanza ya EVS yaliundwa katika kiwanda cha jeshi cha Luwero Industries, Nakasongola, na shirika la uchumi la jeshi hilo, NEC, ndilo lililopewa ujenzi wa kiwanda cha Jinja ulioanza mwaka 2019. Faida yake ni nidhamu ya karakana. Hatari yake ni kwamba bidhaa inayonunuliwa na serikali kwa agizo haitoi habari za kweli juu ya ubora wake, kwani mnunuzi wa namna hiyo hana mahali pengine pa kwenda. Hapa kwetu, wanaolikumbuka lori la Nyumbu la Kibaha, lililoundwa na kutembea lakini halikupata kuuzwa kwa wingi, wanaweza kulipima jambo hili wenyewe.

Kiwanda cha Jinja kilipangwa kuanza na uwezo wa magari 5,000 kwa mwaka. Idadi hiyo haiwezi kumezwa na Uganda peke yake, kwa hiyo basi hilo halina budi kutafuta njia zetu pia. Mwenye mabasi wa Bukoba au Mwanza atauliza bei. Kisha atauliza betri imedhaminiwa miaka mingapi, na kipuri kikiagizwa Jinja kitachukua siku ngapi kufika.