Thumuni ya Ardhi: Futi au Mita?

Katika miji ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, kama ilivyo kwetu Pwani, ardhi ina lugha mbili. Madalali husema "hamsini kwa mia", yaani futi 50 kwa futi 100. Hati ya kumiliki husema hekta. Baina ya lugha hizi mbili haki ya mtu yaweza kupotea, hasa ya mjane.

Tutazame hesabu. Ekari moja ni futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Kiwanja cha hamsini kwa mia ni 5,000 tu, ingawa sokoni nacho huitwa thumuni ya ekari. Zile 445 aghalabu hutolewa njia ya kupita. Kwa mnunuzi aliyeelezwa hayo, hapana dhulma.

Mirathi ni jambo jingine. Mume akifa akaacha watoto, mkewe hurithi thumuni, baada ya kulipwa deni na kutekelezwa wasia. Wake wakiwa zaidi ya mmoja, hugawana thumuni hiyo hiyo. Fungu hilo limekadiriwa na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, si na dalali.

Tuseme marehemu ameacha ekari moja tu, yenye thamani sawa pande zote. Wana wakimkatia mama yao hamsini kwa mia, kisha wakajigawia yote yaliyosalia, wamempunja mita za mraba 41 hivi, nafasi ya vyumba viwili na jiko. Ikihitajika njia, na itolewe kwanza katika ekari nzima, ndipo kilichobaki kigawanywe. Hapo hamsini kwa mia yaweza kuwa haki yake kamili, kwa kuwa warithi wote wamechangia.

Basi tuchague kipimo kipi? Twaona mita na hekta, kwa kuwa ndizo zilizomo katika hati. Thumuni ya ekari ni hekta 0.0506, hamsini kwa mia ni hekta 0.0465. Kabla ya kutia sahihi, aitwe mpima ardhi aliyesajiliwa, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Kina mama wasione haya kuuliza. Wakizozana warithi, Mahakama ya Kadhi ipo.

Suratul Mutaffifin imeshuka kuwaonya wapunjao vipimo, na kamba ya kupimia ardhi ni kipimo kama mizani ya duka. Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu, amin.