Upepo wa Bahari Katika Insha za Kitui

Yeyote aliyewahi kusahihisha insha za shule za msingi anamjua yule jogoo anayewika katika sentensi ya kwanza. Hivi karibuni mwalimu mmoja rafiki yangu huko Kitui alinipa rundo la madaftari nimsaidie kusoma, nami nikastaajabu. Karibu kila mtoto aliamka jua likichomoza matlai, akajizoazoa kitandani, na upepo mwanana wa bahari ukampapasa uso. Bahari gani, ndugu msomaji? Mto wanaoujua watoto hawa ni Tiva, ambao sehemu kubwa ya mwaka huwa mchanga mtupu.

Siwalaumu. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ilikuwa na alama 40, na walimu wengi waliwakaririsha wanafunzi mapambo yaliyodhaniwa kuvuta alama. Tena ni rahisi kusahihisha madaftari sitini yanayofanana! Mtihani umekwenda, mazoea yamebaki. Mtaala ulioanza katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019 unautaja ubunifu miongoni mwa umilisi 7, lakini mtoto bado anafundishwa kwamba kwao hakuna cha kuandikwa.

Huko Makueni nilimkuta mwalimu aliyepiga marufuku methali kwa wiki mbili. Wenzake walinung'unika, na kweli methali ni mali ya lugha. Yeye aliwaagiza wanafunzi waandike juu ya kazi moja waliyoiona nyumbani kwa macho yao. Msichana mmoja alieleza jinsi nyanya yake anavyosokota nyuzi za mkonge pajani ili asuke kiondo, hata ngozi ya pale ikaota sugu. Kiswahili kilimwishia njiani, akatia neno la Kikamba. Mwalimu hakulikata kwa kalamu nyekundu. Alilipeleka ubaoni, darasa zima likatafuta la Kiswahili. (Neno kiondo lenyewe lilitoka huku bara, wala halikuomba ruhusa.)

Mvulana mwingine aliandika juu ya kuchimba maji usiku katika mchanga wa mto mkavu, punda wakingoja zamu. Nusu ukurasa tu. Mwalimu hakumwandikia "vizuri sana". Alimwuliza shimo lilikuwa na kina gani, na maji yalikuwa na ladha gani. Jioni ile, naambiwa, mtoto alishuka mtoni na kamba yenye mafundo, akapime.