Benchi likichoka, sangara hali

KOCHA anaweza kuchora mfumo mzuri ubaoni, lakini benchi likiwa limechoka, dakika ya 70 atashika kichwa. Kule Kimwani, wilayani Muleba mkoani Kagera, wavuvi wa Ziwa Victoria wanaijua hesabu hiyo hata kama hawajakanyaga Kaitaba.

Benchi lao limo ndani ya pipa la plastiki: vifaranga wa kambale, chambo cha sangara.

Mvuvi wa migonzo, ile kamba ndefu yenye ndoano nyingi, hutega jioni na kupakua asubuhi. Sangara ni mwindaji, anavutiwa zaidi na samaki anayehangaika majini. Chambo kikifia njiani, mafuta ya injini yameshaungua, vijana wa mtumbwini wanadai chao, na kamba inarudi nyeupe. Hicho ni kipigo cha nyumbani, tena cha fedha taslimu.

Kwa nini kambale anapata namba kuliko furu? Pumzi. Furu hutegemea hewa iliyomo majini tu, ikiisha anakata moto mapema. Kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa ya kawaida. Huyo ni kiungo mkabaji wa dakika 120.

Lakini hata mchezaji mwenye mapafu unaweza kumuua mwenyewe. Kosa la kwanza ni kujaza maji hadi mdomoni na kufunga kifuniko kikaze. Kambale anataka nafasi ya kuvuta hewa, hivyo pipa liachwe wazi sehemu ya juu, lifunikwe kwa wavu. Bila wavu ataruka nje. Jamaa ana uwezo wa kutambaa nchi kavu.

Kosa la pili ni kurundika. Samaki wengi kwenye maji machache huyachafua kwa kinyesi chao, na uchafu huo ni sumu. Ndiyo maana hawalishwi siku ya safari. Maji yabadilishwe kidogo kidogo, kama theluthi moja kwa mara, siyo yote kwa mpigo. Ya bomba yenye dawa yaachwe wazi siku nzima kwanza. Na dumu lililokuwa na petroli au sabuni lisiguse kabisa kazi hii.

La tatu ni jua. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubaki kama 7.5. Pipa likae kivulini, lifunikwe gunia lililolowa. Mwenye furu ana kazi zaidi: apige maji kwa kikombe kutoka juu ili hewa iingie, au atumie pampu ndogo ya betri.

Kambale wakubwa nao hula wadogo, kwa hiyo wapangwe kwa saizi, kama timu za vijana zinavyotengwa na wakubwa. Aliyekufa atolewe haraka kabla hajawaozea wenzake.

Jioni ikifika, kipimo ni kimoja. Lowesha mkono, mguse. Akichomoka kwa kasi, yupo fiti. Mchome ndoano mgongoni, mbali na uti, kisha mwingize uwanjani. Akilegea mkononi, usimlaumu sangara asubuhi. Mechi uliipoteza kwenye pipa.