Je, Binti Mwenyewe Ameulizwa?

Harusi ikikaribia Tarime au Mugumu, kazi hugawanywa vizuri. Kamati ina mwenyekiti na mweka hazina, daftari la ahadi limefunguliwa, kadi zimeanza kusambazwa. Wazee nao wana hesabu yao isiyoandikwa: ng'ombe wangapi, majike wangapi, wataletwa lini. Swali moja tu huwa halina wa kulibeba. Binti anasemaje?

Tusome Mwanzo sura ya 24. Mtumishi wa Abrahamu alifika na ngamia kumi. Alimpa Rebeka vito vya fedha, dhahabu na mavazi, akawapa kaka na mama yake vitu vya thamani. Labani na Bethueli walikuwa wamekwisha kukubali. Kwa hesabu zetu, shughuli imeisha. Lakini asubuhi mgeni alipotaka kuondoka, walimwita Rebeka wakamuuliza, naye akajibu kwa kinywa chake kwamba atakwenda. Wapo wanaosema aliulizwa juu ya siku ya safari tu. Hata kama ni hivyo, aliulizwa.

Kwa Wakurya swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, na tusiwahukumu wazazi kwa haraka. Ng'ombe wa mahari ya dada mara nyingi ndio ambao kaka huwatumia kuoa. Binti akikataa, harusi mbili zinasimama. Baba anajua, kaka anajua, na binti anajua kuliko wote. Ndiyo maana ananyamaza, na ukimya wake unahesabiwa kuwa ndiyo. Desemba shule zikifungwa na msimu wa ukeketaji ukifika, mzigo huongezeka, maana aliyekeketwa huonekana yuko tayari kuolewa. Mabinti wanaokimbilia Kituo cha Masanga, Tarime, au Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti, wamejibu kwa miguu swali ambalo nyumbani hawakuulizwa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wote wawili, na taarifa ya ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Sheria hiyohiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi (jina ni lilelile!), Mahakama Kuu ilisema hilo linapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Makanisa yetu mengi hutangaza ndoa Jumapili tatu na kuuliza kama kuna mwenye pingamizi. Usharika mzima unaulizwa, tena ng'ombe wakiwa wameshafika zizini! Mimi naona tumechelewa. Mama wa kanisa anayeaminika akae na binti mapema, faragha, bila mshenga wala shangazi anayesubiri vitenge vyake. Aanze na umri. Akiwa chini ya miaka 18, harusi haipo, hata akikubali. Akiwa mtu mzima na akasema hapana, mchungaji au padri asimwache peke yake. Aende kwa baba, wazungumze pia kuhusu mke wa kaka, maana kidonda kiko hapo. Waumini wanaochangia keki na vinywaji hawashindwi kumchangia kijana aoe bila kumsubiri dada yake.

Kamati inayokutana leo baada ya ibada ina ajenda zake: ukumbi, magari, mapambo. Kabla ya hizo, mwenyekiti aulize ni nani aliyezungumza na binti, na lini.