Jina Likibaki na Maana Ikahama

 

Ndugu Waislamu, watu wakibishana huuliza: "Nani amesema kweli?" Mwanafalsafa hutanguliza swali jingine: "Neno hili tunalolitumia lina maana gani, na je, maana hiyo inafaa?"

Kazi hii si ngeni kwetu. Katika Hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba muflisi ni nani. Wakamtaja asiye na dirhamu wala mali. Naye akawaeleza habari za mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, ilhali alimtukana huyu na kula mali ya yule. Mema yake yakagawiwa aliowadhulumu hata yakaisha. Neno ni lile lile, lakini sasa linamgusa hata tajiri aliyedhani halimhusu.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali (1058-1111), aliyefundisha katika Madrasa Nidhamiya ya Baghdad kuanzia 1091 hadi 1095, aliifanya kazi hii kwa utaratibu. Katika Kitabu cha Elimu, ambacho ndicho cha kwanza katika Ihyaa Ulumid-Din, alichunguza majina matano yaliyogeuzwa maana: fiqhi, elimu, tauhidi, ukumbusho na hekima.

Fiqhi, asema, kwa watu wa mwanzo ilikuwa ni kuijua njia ya Akhera na maradhi ya nafsi. Katika zama zake ikabanwa kwenye fatwa na masuala ya nadra ya talaka na mikataba. Elimu ilikuwa kumjua Mwenyezi Mungu na ishara zake. Ikawa sifa ya hodari wa kumshinda mpinzani katika mjadala. Na jina la mwenye hekima likapewa tabibu, mshairi na mnajimu, hata mpiga ramli wa njiani.

Hatari aliyoiona ni hii: maana huondoka, lakini heshima hubaki katika jina. Ni kama chupa iliyoandikwa "asali" ikatiwa shira. Mnunuzi hutoa bei ya asali. Vivyo hivyo kijana akihimizwa kutafuta elimu, hutumia umri wake katika kubishana, na moyoni ameridhika kuwa ameitika wito.

Ghazali alitengeneza kwa kurejesha maana ya awali. Wako waliotengeneza kwa kuinoa maana iwe kali zaidi. Rudolf Carnap, mwanafalsafa mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1950. Mfano wake mmoja ni samaki. Zamani nyangumi alihesabiwa samaki kwa kuwa anaishi majini. Wataalamu wa wanyama wakaifanyia marekebisho maana hiyo, nyangumi akatoka. Carnap aliweka masharti manne: maana mpya isiwe mbali mno na ya zamani, iwe bayana, izae maarifa, na iwe nyepesi kadiri inavyowezekana.

Tuyalete haya majumbani mwetu. Tunasema, "Mwanangu amesoma," tukikusudia ana cheti. Posa ikija twauliza, "Ana dini?" tukikusudia kanzu na ndevu. Je, maneno hayo yanatuonyesha kama anatimiza ahadi, anazuia hasira na anarudisha amana? Ikiwa hayatuonyeshi, basi tunamwoza binti yetu kwa jina tu. Hatusemi cheti au kanzu havina thamani. Tunasema visikalie kiti cha kitu kingine.

Basi kila mzazi achague neno moja analolitumia sana kuwasifia wanawe, awaulize wao wanalielewaje. Jibu lao litamwonyesha alichowafundisha.

Tunamuomba Allah atujaalie elimu yenye manufaa. Wallahu a'alam.