Chungu Kimoja, Walaji Wengi

Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, maharage hutangulia chunguni, kisha ndizi zilizomenywa huwekwa juu yake na kufunikwa kwa majani ya mgomba ili mvuke usipotee. Zikiiva, hupakuliwa juu ya jani pana, na walaji hukaa kulizunguka. Desturi hii inao ndugu zake mbali. Kule China, watu huzunguka chungu cha mchuzi uchemkao mezani, kila mmoja akitumbukiza nyama na mboga. Na iko mikahawa itozayo bei moja, mtu akala mpaka ashindwe. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa mwanafunzi ng'ambo, alipata kualikwa na wenzake kwenye chungu cha namna hiyo, akaondoka akipumua kwa taabu.

Je, huo ni uroho tu? Mwaka 1989 mwanasaikolojia wa Marekani, John de Castro, alichapisha uchunguzi wa watu wazima waliokuwa wakiandika kila walichokula. Milo waliyokula pamoja na wengine ilizidi ile ya upweke kwa wastani wa asilimia 44. Sababu mojawapo ni kwamba mlo wenye mazungumzo huchukua muda mrefu, na mkono hauachi kurudi chunguni.

Tena shibe haiji papo hapo. Tumbo likitanuka, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Na chakula kifikapo katika utumbo mwembamba, homoni kama kolesistokinini humwagwa katika damu. Habari hizo zote huchelewa, mara nyingi kwa dakika 15 au 20. Alaye upesi huwa amekwisha kupitisha kiasi chake kabla hajajulishwa.

Hapo ndipo penye jambo zito. Katika jani moja, mla upesi na mla polepole hawagawani sawa, na mla polepole kwa kawaida ni mtoto. Chukua mtoto wa miaka mitatu mwenye kilo 14. Tumbo lake hupokea takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 420 kwa mlo. Akiokota ndizi tupu, hupata protini gramu 4 hivi. Akipata ndizi gramu 300 na maharage gramu 120, hupata kama gramu 13, ambazo hukaribia mahitaji yake ya siku nzima. Katika hali zote mbili ameshiba, na mama yake anayemtazama hawezi kuona tofauti.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa Kagera walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, maradhi yakiwamo. Lakini mkoani penye migomba kila upande, ni haki kuuliza nini kimo ndani ya shibe hiyo. Mtoto anaweza kubaki mduarani pamoja na wengine, ila apakuliwe sahani yake, maharage yakitangulia.

Mwanafunzi mwenye saa na ajaribu nyumbani: ahesabu mara ngapi kila mkono unarudi kwenye jani katika dakika 10 za kwanza, na mara ngapi unarudi na maharage.