Goma: Mfugaji mdogo ananunua majani ya mbuzi, analipia maji

Mjini Goma, mwenye mbuzi 3 au 5 hana shamba la majani. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano, na mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 uliongeza tabaka jipya hadi katikati ya mji. Katika mitaa kama Majengo, Katoyi na Ndosho, parseli ni ndogo na udongo ni haba. Chakula cha mbuzi, sungura na simbilisi, ambao wengine huwaita dende, lazima kitoke nje ya mji: kichwani, kwenye pikipiki ao kwenye chukudu.

Jambo hili si dogo. M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, banki zilifunga milango. Kwa familia nyingi, mbuzi ndiye akiba: anauzwa mtoto akiugua ao minervali ya shule ikidaiwa. Mbuzi akikonda, akiba imekonda.

Chukudu inafaa kwa kazi hii. Inatengenezwa kwa mbao ngumu za mikaratusi, na magurudumu yake yanavikwa mpira wa matairi ya zamani. Inabeba kilo mamia kadhaa bila mafuta. Kutoka upande wa Kibumba, barabara inateremka kuelekea mjini: mwenye chukudu anasimama juu yake, mguu mmoja tayari kukanyaga mpira wa breki kwenye gurudumu la nyuma. Kurudi ni kusukuma kwa miguu.

Shida iko ndani ya mzigo wenyewe. Majani mabichi kama matete yana maji karibu asilimia 80. Kwa hiyo, katika kilo 100 zinazoteremshwa, kilo 80 hivi ni maji, na chakula chenyewe ni kilo 20. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji karibu kilo 3 za majani mabichi kwa siku. Mbuzi 5 wanakula kilo 15 kwa siku, ni kusema kilo 105 kwa juma.

Tena majani mabichi hayawekwi akiba. Yakifungwa na kurundikwa, yanapata joto, yanageuka manjano na kuharibika kwa muda mfupi. Mteja mdogo analazimika kununua kila siku, na mwenye chukudu hapati faida kuingia vichochoro vya mawe kwa ajili ya furushi moja. Siku barabara isipopitika, mbuzi wanalala njaa.

Majani yaliyokaushwa vizuri yanabadilisha hesabu hiyo. Zile kilo 105 za juma zinabaki kilo 25 hivi. Lakini majani makavu yakiachwa wazi yanajaza chukudu kabla ya kufikia uzito wake, na upepo unayapeperusha njiani. Ndiyo maana yanafungwa marobota, kama balo za nguo.

Hakuna haja ya mashine. Wafugaji wadogo wa Kenya wanatumia sanduku la mbao lisilo na chini wala kifuniko, lenye urefu wa sentimeta 85, upana 55 na kina 45. Kamba zinatandazwa ndani kwanza, majani yanajazwa na kukanyagwa kwa miguu, kisha kamba zinafungwa na sanduku linanyanyuliwa. Robota moja lina karibu kilo 20. Kwa mwenye mbuzi 5, hizo ni siku 5 hivi za chakula. Chukudu moja ikibeba marobota kadhaa, inaweza kuhudumia majirani kadhaa kwa safari moja, bora waagize pamoja na wakubaliane sehemu moja ya kushushia.

Si kila jani linafaa. Matete yana mashina manene na yanakauka vibaya; ni bora kuyakatakata na kuyalisha mabichi. Majani membamba yanakauka haraka. Mabua ya maharage yanayobaki baada ya kupura nayo yanafungika vizuri. Wakati mzuri wa kukausha ni kiangazi, Juni hadi Agosti.

Mnunuzi naye awe macho. Apime kwa kilo, asipime kwa macho, maana robota lililolegea linaonekana kubwa. Aingize mkono katikati: likiwa na joto, unyevu ao harufu ya ukungu, asilichukue, kwa sababu majani yenye ukungu yanaweza kuwagonjesha wanyama. Nyumbani aliweke juu ya mbao, chini ya paa. Na wanyama wanaokula majani makavu waongezewe maji ya kunywa. Mjini Goma maji nayo yananunuliwa kwa bidoni, lakini hayo angalau mfugaji anajua kwamba analipia maji.